Bi Hodi Anafunga Mlango Wake

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi alasiri, fundi wetu wa kompyuta atarudisha ufunguo wa chumba chake cha kazi na kustaafu, baada ya kukitumikia kiwanda hiki cha vigae kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Jina lake kamili liko kwenye cheti atakachokabidhiwa. Sisi wengine, kuanzia tanurini mpaka langoni, tunamwita Bi Hodi, na yeye huitika.

Kamati ya jarida ilitaka wasifu huu uandikwe na mtu wa ofisini. Mwenyewe akakataa. Alisema wa ofisini wataandika kwamba alikuwa mchapakazi hodari mwenye ushirikiano, maneno ambayo yamekwisha kuandikwa kwa kila aliyestaafu hapa, hata kwa yule mpishi aliyekuwa hasemi na mtu. Akawaambia, "Mpeni yule mpakiaji wa chumba namba tisa. Yeye aliingiliwa, atajua la kusema." Basi ndiye mimi. Shule niliishia darasa la sita na mikono yangu imezoea katoni kuliko kalamu. Karani wa mizigo amenisahihishia herufi, ila nimemwomba asiguse maneno.

Bi Hodi hakuajiriwa kama fundi. Aliajiriwa kama mpiga chapa katika ofisi ya mizigo, wakati orodha ya kila lori ikigongwa kwa mashine yenye herufi R iliyovunjika. Wakongwe wa hapa bado wanakumbuka orodha zilizoandikwa "lo i moja, de eva mmoja". Katika mwaka wake wa tatu kiwanda kilinunua kompyuta ya kwanza. Ililetwa, ikawekwa juu ya meza karibu na dirisha, ikafunikwa kitambaa cheupe, ikakaa hivyo miezi mitatu kama maiti inayosubiri ndugu wafike. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuiharibu. Asubuhi moja mpiga chapa alichoshwa na R yake, akaenda pale mezani, akakunja kitambaa, na kabla ya kubonyeza chochote akaigonga ile kompyuta ubavuni kwa kifundo cha kidole akasema, "Hodi." Ofisi nzima ikacheka na jina likamganda.

Waliocheka walidhani anatania. Hakuwa anatania, maana mpaka leo hagusi mashine ya mtu bila kupiga hodi na kuitikiwa. Mwenye mashine akiwa hayupo, anasubiri. Meneja aliyetangulia aliwahi kumwachia ujumbe kwamba aingie tu ofisini atengeneze. Aliporudi alimkuta ameketi kwenye benchi la nje, mkoba wa vifaa mapajani, anasoma gazeti la jana. Akamwuliza kwa nini hajaanza. Bi Hodi akamjibu kwamba mlango umefunguliwa na mfagiaji, lakini kompyuta haijasema karibu.

Kiwanda kilimpeleka mafunzo ya wiki sita, akarudi na kitabu kimoja kinene na bisibisi ndogo saba anazozihifadhi kwenye kibweta cha miwani. Hizo bisibisi anazo hadi leo, zote saba. Adui yake mkubwa katika kazi hii hakuwa virusi, alikuwa vumbi. Vumbi la udongo wa vigae huingia kila mahali, na kompyuta za hapa hukohoa kama sisi. Yeye ndiye aliyebuni kuzisafisha kwa bomba la upepo la idara ya rangi kila Jumamosi ya pili ya mwezi, akiwa amejifunga kanga usoni, na ndiyo maana kompyuta ya mizani imefikisha mwaka wa kumi na mmoja wakati muuzaji alituahidi mitano.

Maswali yake ni machache. Ukimwita, hakuulizi una shida gani. Anauliza, "Mara ya mwisho ulibonyeza nini?" Kila mtu hapa hujibu kwamba hakubonyeza kitu. Naye hujibu, "Haya, basi tumtafute huyo aliyebonyeza," na mtu huanza kukumbuka.

Katika miaka yote hiyo, upakiaji umesimama kwa ajili ya kompyuta siku moja tu. Siku hiyo ni miaka minne iliyopita, ilikuwa Jumanne, na aliyebonyeza nilikuwa mimi. Kwa kuwa amenitaka niseme, nitasema yote.

Nina kompyuta yangu mwenyewe, ile ya kukunja, ambayo naiweka bwenini chumba namba tisa juu ya sanduku la nguo. Sikuinunua kwa anasa. Mke wangu na binti yangu wako safari ya siku mbili kutoka hapa, na kila Jumapili tunaonana kwa kompyuta hiyo, na wenzangu wa chumbani huonana na watu wao kwa zamu. Ikawa nzito. Picha ya mke wangu ilikuwa inaganda mdomo ukiwa wazi, sauti inafika baadaye, na yeye akaanza kuniambia kwamba siku hizi simsikilizi. Nikatafuta mtandaoni nikakuta programu ya bure inayoahidi kuipa kompyuta kasi. Nikaishusha. Iliniuliza maswali kama matano, yote nikajibu ndiyo bila kusoma. Na kwa kweli kompyuta ikakimbia. Jumapili ile mke wangu alikuwa anaongea na mdomo unafuata. Nikawapa programu hiyo na wenzangu wawili wa bweni la pili, wakanishukuru.

Mwezi ukapita. Mwenzangu wa chumbani, mchoma tanuri ambaye hulala mchana, alinilalamikia kwamba kompyuta yangu inavuma peke yake nikiwa kazini. Tulifikiri ni joto. Kisha Jumanne hiyo, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi, ikatoka barua pepe kwa jina langu kwenda kwa kila mtu niliyewahi kumwandikia. Kichwa chake kilikuwa "Orodha mpya ya zamu", na ndani kulikuwa na faili. Mnajua wenyewe zamu zilivyo hapa. Karani wa mizigo aliifungua kabla hajaketi vizuri. Kufikia saa tano kompyuta ya mizigo ilikuwa imejifunga, orodha hazichapiki, malori manne yamesimama langoni na madereva wamelala chini ya matela yao.

Msimamizi wetu wa upakiaji, ambaye wote tunamwita Dakika Mbili kwa sababu ndizo anazokupa kwa kila kitu, alinitoa kazini mchana uleule. Hakuwa na chuki. Barua ilikuwa na jina langu, na hilo lilimtosha. Meneja akasema kikao ni Alhamisi saa tatu. Wenzangu wa mkataba wanajua maana yake. Sisi tuliotoka mbali, ukifukuzwa unarudisha ufunguo wa chumba siku hiyohiyo, na nyumbani unafika kabla ya maelezo. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na nusu wa mkataba wa wakati ule, na binti yangu alikuwa ndio kwanza ameanza shule.

Bi Hodi alitumia mchana wote kuiamsha kompyuta ya mizigo. Jioni alipita kwa meneja akamwambia sentensi moja, kwamba kwa jinsi anavyoiona barua ile, kompyuta ya mpakiaji ina mlango wa nyuma. Mlango wa meneja ulikuwa wazi. Sentensi ikatoka nje ikafika jikoni kabla ya chakula cha jioni, na kila mtu akaielewa kwa namna yake.

Watu wa mezani kwangu walielewa kwamba nilipata kazi kwa upendeleo. Mmoja akasogeza sahani akaniuliza, "Kumbe mwenzetu uliingia kwa mlango wa nyuma? Mjomba wako ni nani?" Nikamwambia sina mjomba. Akasema, "Unaye. Na anakuchukia. Mtu anatumia cheo chake kukutafutia kazi, anakutafutia ya kubeba vigae?"

Mlinzi wa bweni alielewa kwamba chumba namba tisa kina mlango usiojulikana. Alikuja na kufuli na mnyororo, akalizunguka bweni mara tatu, kisha akaandika kwenye daftari lake la matukio maneno ambayo bado yapo kwa anayetaka kuyasoma: "Nimekagua chumba namba tisa. Hakina mlango wa nyuma. Kina tangi la maji."

Na mimi nilielewa kwamba mlango uko nyuma ya kompyuta. Nikaigeuza nikaona matundu, ya waya, ya flashi, ya kupitisha hewa. Nikachukua selotepu ya katoni nikayaziba yote, tabaka mbili, hata jicho la kamera juu ya kioo. Nikaiegemeza ukutani mgongo wake ukiwa nyuma, nikaenda kulala nikiwa na amani kidogo.

Jumatano, saa ya chakula cha mchana, tulisikia hodi mlangoni. Tulikuwa wanaume wanne na shati moja. Bi Hodi alisubiri nje mpaka tulipojisitiri, akapiga hodi ya pili, tukamkaribisha. Kisha akaigonga kompyuta, akanitazama, nami nikasema karibu kwa niaba yake. Akaiona selotepu. Aliipitishia kidole polepole pembe kwa pembe, kama mtu anayekagua katoni kabla haijapanda lori. Hakucheka. Akasema, "Mwanangu, umeziba madirisha vizuri sana. Mlango uko ndani."

Mambo aliyonieleza siku ile nimeyarudia mara nyingi kwa wageni wa bweni, kwa hiyo nayajua kwa moyo. Kompyuta yako ni nyumba, na mlango wa mbele unaufunga kwa neno lako la siri. Programu niliyoishusha ilipita hapo hapo mbele, nikiikaribisha mwenyewe kwa zile ndiyo zangu tano. Ilipokwisha kuingia ilitoboa ukuta wa nyuma, ikaweka mlango, na ufunguo ikampelekea mtu nisiyemjua, asiyenijua, ambaye labda ana nyumba elfu kama yangu. Tangu siku hiyo ningeweza kubadilisha kufuli la mbele kila asubuhi. Yeye hapiti huko. Anaweza kusoma barua zangu, kutazama ninachoandika, na kutuma barua kwa jina langu wakati mimi nimebeba katoni. Nikamwuliza mbona kompyuta ilikuwa imepona, inakimbia. Akasema, "Alikufagilia uwanja ili usiulize ni nani huyu. Virusi wengine huja kuharibu. Huyu alikuja kukaa."

Kwanza aliiondoa kwenye mtandao, ili huyo wa nje asiwe na njia wakati tunamtafuta. Kisha akafungua orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta inapoamka. Akasoma mstari kwa mstari akiniuliza, hii unaijua, hii ni ya nini. Alipofika kwenye moja iliyoitwa kisaidizi cha printa, aliinua kichwa akatuuliza wote wanne, "Humu ndani kuna mtu ana printa?" Mchoma tanuri akajibu kutoka kitandani kwamba humu ndani hakuna hata kioo cha kunyolea. Bi Hodi akaandika jina hilo kwenye daftari lake. Akaichukua kompyuta na kuniachia karatasi aliyoitia sahihi: "Nimepokea kompyuta moja, ikiwa na mgeni mmoja."

Alhamisi saa tatu tuliketi ofisini kwa meneja, mimi, meneja, Dakika Mbili na yeye. Nilikuwa na karatasi ya lori la saa nne yenye sahihi yangu, inayoonyesha kwamba barua ilipotoka nilikuwa nikipakia kwenye jukwaa la tatu. Dakika Mbili akasema ningeweza kuwa nimemwachia mwenzangu aitume. Alikuwa na haki kusema hivyo. Bi Hodi hakubishana. Aliiweka kompyuta mezani, akaiunganisha na kisanduku chake cha mtandao kisichotoka nje ya chumba, ambacho kazi yake ni kuandika kila anayejaribu kupita. Akaniambia niweke mikono yote miwili juu ya meza. Akawaomba robo saa.

Ilikuwa robo saa ndefu. Mashine ya kusaga udongo ilisikika kwa mbali na meneja alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Kisha mstari mmoja ukatokea kwenye kioo. Programu isiyo na printa ilikuwa inatafuta anwani fulani ya nje, haikuipata. Baada ya dakika tano kamili, mstari wa pili. Baada ya tano nyingine, wa tatu. Mikono yangu ilikuwa palepale, jasho limeacha alama kwenye mbao. Bi Hodi akasema kwamba barua ya Jumanne ilipita njia hiyo, na kwamba huyu kila dakika tano humwita bwana wake aje. Dakika Mbili, ambaye hajawahi kumsubiri mtu robo saa tangu azaliwe, alisogeza kiti chake mbele akasema tu, "Huyu anaheshimu muda kuliko watu wangu."

Meneja aliridhika kwamba si mimi niliyetuma. Lakini alisema, na nilimwelewa, kwamba hawezi kuwa na mtu bwenini mwenye kompyuta inayoweza kuangusha kiwanda mara ya pili. Uamuzi wake ulikuwa huu: Bi Hodi akiweka sahihi kwamba kompyuta ni safi, ninabaki. Ikitokea tena, ninaondoka, na sahihi ya Bi Hodi itaulizwa pamoja nami.

Mchana ule alifuta kile kisaidizi cha printa, akapitisha programu ya kukagua virusi aliyoileta kwenye flashi yake. Ikazunguka saa mbili, ikatoa alama ya kijani. Meneja akapita, akaona kijani, akasema vizuri, weka sahihi tufunge jambo hili. Mimi nilikuwa tayari nimeanza kushukuru. Bi Hodi akasema, "Mkaguzi amesema safi. Mimi sijasema." Meneja akamkumbusha kwamba ana kazi nyingine. Akakubali kwamba anazo, akaizima kompyuta, akafunika kibweta chake cha bisibisi, na karatasi ikabaki mezani bila sahihi. Ninakiri nilimkasirikia. Nilirudi bwenini nikawaambia wenzangu kwamba yule mama anataka kunimaliza.

Ijumaa asubuhi aliniita, tukaiwasha pamoja. Kijani ilikuwa bado kijani. Akafungua orodha ya zinazojiwasha. Kisaidizi cha printa kilikuwa kimerudi mahali pake, kimekaa kana kwamba hakijafutwa. Akasema, "Ana ndugu yake." Maana yake kulikuwa na programu ya pili iliyojificha, kazi yake ni kumwangalia wa kwanza na kumrudisha akiondolewa. Kama angeweka sahihi Alhamisi, Jumatatu ningekuwa njiani nyumbani na yeye angekuwa anajieleza.

Hapo ndipo akaniambia ukweli mwingine. Mgeni wa namna hii, aliyekwisha kuwa na ufunguo wa nyumba nzima, humjui amezika nini wapi. Unaweza kukamata wawili na watatu, wa nne akabaki. Dawa ya uhakika ni kuubomoa ukuta wote na kujenga upya, yaani kufuta diski nzima na kuweka mfumo mpya kutoka mwanzo. Nikamwambia ndani mna picha za binti yangu tangu hana meno. Akaniuliza, "Ngapi?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi tutazihesabu."

Aliiamsha kompyuta kwa flashi yake mwenyewe, mfumo wangu ukiwa umelala, ili mgeni asipate pa kuamkia. Kabla ya kufungua folda ya picha akapiga hodi tena, maana alisema hizo ni za familia. Tulitoa picha mia nne na kumi na mbili na sauti kumi na tisa alizonitumia mke wangu. Programu hakubeba hata moja. Filamu moja niliyoishusha mahali palepale nilipoipata ile programu aliikataa, nikamsihi, akakataa. Mwisho wa filamu ile siujui mpaka leo. Kila kilichotoka alikikagua kwenye mashine nyingine, ndipo akafuta diski na kuijenga upya. Maneno yangu yote ya siri niliyabadilisha kwenye kompyuta yake, si kwenye yangu, kwa sababu alisema huwezi kumpa mtu ufunguo mpya mbele ya mwizi. Nilipewa kazi ya kumpigia mke wangu simu asifungue barua ile. Alikuwa ameshaifungua, lakini kwa simu yake ndogo, na haikumfanya kitu. Alidhani nimebadilishiwa zamu, akafurahi.

Kisha akanipeleka kwa wale wawili wa bweni la pili niliowagawia programu. Wote walikuwa na kisaidizi cha printa. Hakuna aliyekuwa na printa.

Jumanne iliyofuata, baada ya kuiwasha na kuizima siku nne na kisanduku chake kikiwa kimya, aliweka sahihi. Nami nikapewa barua ya onyo kwa kuwa nilifungua mlango mwenyewe. Nilidhani atanitetea. Alimwambia meneja, nikiwa nimesimama pale, kwamba onyo ni haki yangu. Na akanitaka nisimame kantini wakati wa chakula nieleze nilichobonyeza, bila kumsingizia mtu. Nilieleza. Watu walicheka sana kwenye selotepu, na tangu siku hiyo nina jina ambalo sitaliandika hapa.

Wasifu ukisema mazuri matupu haumhusu yeye, kwa hiyo nitaongeza haya. Bi Hodi ni mkali. Amepiga marufuku chai karibu na kibodi, na kikombe chake kimekaa karibu na kibodi tangu kompyuta ya kwanza. Simu za mkononi hazipendi na ukimletea anakutazama kama umemletea mtoto wa watu. Mwaka juzi yeye mwenyewe alichomeka flashi ya dada yake yenye picha za harusi bila kuikagua, ikaingiza kirusi kwenye kompyuta yake ya kazi. Hakuna aliyejua. Aliitenga mashine, akaifuta, akajiandikia barua ya onyo, akampelekea meneja aitie sahihi. Iko kwenye faili lake. Meneja aliomba aitoe kabla ya kustaafu ili faili liwe safi, akaambiwa ikae.

Tangu tukio langu, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi amekuwa akija bwenini kuangalia kompyuta zetu, na katika miaka minne ametufundisha watu zaidi ya sitini kusoma swali kabla ya kujibu ndiyo. Na yule karani wa mizigo aliyeifungua barua, akawa analia chooni siku ile, Bi Hodi alimchukua akamfundisha miaka mitatu. Kuanzia Jumatatu yeye ndiye fundi wetu. Kuna waliouliza kwa nini amemchagua aliyekosea. Alijibu kwamba huyo ndiye pekee katika ofisi nzima ambaye sasa hafungui kitu ovyo.

Wiki mbili hizi za mwisho mmemwona akizunguka na orodha mkononi. Wengi mmedhani anaaga. Alikuwa anajifuta. Kwenye kila kompyuta ya kiwanda, na ziko arobaini na tatu, alikuwa na jina lake la kuingilia na neno lake la siri, kwa ajili ya matengenezo. Alipita moja moja, akapiga hodi, akajiondoa, akamwingiza karani, akaweka alama kwenye orodha. Alipofika ofisini kwa meneja, meneja alimwambia aache hata moja tu, ya kwake, ili siku mambo yakiharibika aweze kuingia akiwa nyumbani kwake. Alisema kwa nia njema, na kwa heshima. Bi Hodi akamjibu, "Bwana meneja, huo ndio unaitwa mlango wa nyuma." Akajifuta na hapo pia.

Jumapili iliyopita alikuja chumba namba tisa. Alikumbuka kwamba siku ile miaka minne iliyopita aliniona nikiandika neno langu jipya la siri, naye, kwa bahati mbaya, halisahau. Akataka nilibadilishe. Nilimwambia sina wasiwasi naye, kwamba ningependelea kuwe na mtu mmoja hapa anayelijua, maana mtu akiwa mbali na kwao hana wengi wa kuwaachia ufunguo. Aligeuka akaelekea ukutani, mikono nyuma, akasimama hivyo akitazama plasta, mpaka nilipoandika herufi ya mwisho na kumwambia tayari. Kisha akaniambia, "Ukinihitaji, piga simu. Mimi nikikuhitaji, unajua nitakavyokuja."

Anakwenda kuishi na dada yake, yule wa flashi. Anasema amenunua cherehani, na kilichomvutia ni kwamba haina mtandao.

Bi Hodi, wapakiaji, wachoma tanuri, walinzi, watu wa ofisini na sisi wote wa bwenini tunakushukuru. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na miaka mingi isiyo na vumbi. Siku ukitukumbuka, pita lango la mbele. Mlinzi ameshaambiwa. Wewe piga hodi tu, na safari hii sisi ndio tutakaosema karibu kabla hujagonga mara ya pili.